Chumba cha Utulivu

Nusra aliliona komeo kabla ya kitu kingine chochote kwenye mchoro wa kliniki waliotandaziwa mezani. Lilikuwa alama ndogo nyeusi, upande wa nje wa mlango.

"Hiki chumba cha nini?" aliuliza.

"Cha utulivu," alijibu Daktari Haruni. "Kijana akizidiwa, anawekwa humo mpaka atulie."

Walikuwa vijana watano, wote wamewahi kuugua maradhi ya akili. Nesi Saleha aliwaita kwenye kituo cha afya wasaidie kupanga kliniki mpya ya vijana. Nusra, binti wa kijiji cha Baleni, alikuwa na mwaka wa pili sasa tangu apate nafuu. Alipougua, ami yake alimfungia kwenye stoo ya nazi siku kumi na moja. Kwa nia njema, kila mtu alisema.

"Komeo la nje silitaki," alisema.

"Ni kwa usalama wenu, mwanangu."

Mara Taufiki, mmoja wa wale watano, kijana kutoka Bwejuu, akasimama. Akaanza kutembea ukuta hadi ukuta, akijikuna mikono. Asubuhi alikuwa amewaambia kwamba hajalala siku mbili. Sudi, mlinzi, akaufunga mlango na kuuegemea. Taufiki akaupiga ngumi mlango, karibu na sikio la Sudi. Kiti kikaanguka.

"Lete sindano," daktari alimnong'oneza Saleha.

Harufu ya makumbi ya nazi, ya ile stoo ya ami yake, ilimrudia Nusra puani. Alisogea hadi hatua mbili kutoka kwa Taufiki, asimguse.

"Taufiki, unataka nini?"

"Nje! Nataka nje!"

"Kaka Sudi, mfungulie."

"Akikimbilia barabarani je?"

"Nitakuwa naye."

Sudi alimtazama daktari. Daktari alimtazama Saleha. Ngumi ya Taufiki ilikuwa imekunjwa tena. Saleha ndiye aliyekata shauri: "Fungua, Sudi. Sasa hivi!"

Taufiki alitoka mbio hadi getini, akasimama hapo, akihema. Nusra alimfuata polepole. Wakakaa chini kando ya ukuta. Pumzi ilipomtulia, Taufiki akaomba maji.

Daktari Haruni aliyaleta mwenyewe, akachuchumaa mbele yao.

"Chumba bado nakihitaji," alisema.

"Hata mimi nakitaka," alisema Taufiki, na Nusra akageuka kwa mshangao. "Siku nyingine kelele zinaniua. Lakini nijifungie mwenyewe. Na nje akae mtu ninayemjua."

"Ukijidhuru humo ndani?" aliuliza daktari.

Walibishana hadi adhana ya adhuhuri, na Saleha akaandika: komeo la ndani, ufunguo wa dharura kwa nesi wa zamu, na mlangoni akae mtu ambaye kijana anamjua.

Kliniki ilipofunguliwa, Taufiki alikuwa wa kwanza kuingia chumbani humo. Nusra alikaa nje saa nzima akimsikia akilia, asijue kama wamekosea. Mara mbili nesi alishika ufunguo; mara mbili Nusra alimwita Taufiki kwa jina, naye akaitika.

Kisha akatoka, macho mekundu, akasema ana njaa.