Mabati Manne Kabla ya Mvua

Mchana tulipokuwa tunaezeka upya nyumba ya mama, jua liliwaka hadi nyundo ikawa haishikiki. Kaka yangu, fundi wa mapaa, alikuwa amebakiza mabati manne juu ya chumba cha mama. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, na nyumbani wananitania kwa jina la Mawingu. Siku hiyo nilikuwa likizo, nimekaa juu ya kenchi, mbao za paa, nikimpa misumari.

Ghafla ubaridi ukanipita shingoni. Nikageuka. Nyuma ya kilima wingu lilikuwa limesimama wima, jeupe juu, chini jeusi tii.

"Kaka, fanya haraka! Mvua hiyo!"

"Mvua gani na jua lote hili?"

"Jua ndilo limeileta! Limeichoma ardhi tangu asubuhi, hewa ya moto ikapanda na mvuke wake, huko juu ukapoa ukawa wingu. Sasa hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, ikigonga chini inasambaa. Huu upepo umetangulia tu!"

Akacheka. Upepo ukamvua kofia, ukaitupa kwa jirani. Kicheko kikakatika.

"Godoro langu jamani!" mama akapiga kelele kutoka chini, akituinulia bati la kwanza.

Tukalivuta. Kaka akapigilia kama mtu anayefukuzwa. La pili. La tatu. Vumbi likafunika barabara yote, milango ikabamizwa, na bati la nne likainuka kama linataka kuruka.

"Mawingu, lilalie!"

Nikajitupa juu yake kifudifudi. Likanirusha, nikaling'ang'ania, nikapiga ukelele. Mama alidhani ni woga. Wapi! Miaka yote nimezitazama pepo hizi kwenye kompyuta, rangi tu zikitembea. Leo upepo wenyewe umenijia usoni, baridi, unanuka udongo uliolowa, na saa ya kufika kwake nimeijua!

Msumari wa mwisho ulipozama, tone nene likanipiga mgongoni. Tukateremka ngazi mbio. Hatujafika mlangoni, mvua ya mawe ikafumuka.

Ndani hatukusikilizana kwa kishindo. Godoro lilikuwa kavu. Kaka alinishika mabega, akanitikisa, tukarukaruka kama watoto.

"Haya, Mawingu," mama akanipigia kelele sikioni, "kesho nifue au nisifue?"

"Fua, mama! Asubuhi na mapema!"