Kichupa Kilichobaki Kimejaa

Maabara nzima wananiita Redio, na sijawahi kununa, maana jina lenyewe nimelifanyia kazi. Mshahara napewa kwa kulisha seli za gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza kwenye ncha za mifupa. Tunazitoa kwenye magoti ya ng'ombe wa machinjioni. Seli hizo zinatengeneza proteoglaikani, protini zenye sukari nyingi zinazoshika maji kama sponji, ili mfupa usisage mfupa mwenzake. Zikipungua, goti linalia kama bawaba kavu.

La shangazi yangu lilikuwa linalia hivyo. Alikuwa akimeza vidonge vya njano vya maumivu, kimoja tu kwa siku, tena kwa kujibana, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia kwamba bosi wangu, Daktari, ana wasiwasi navyo. Vinatuliza, ndiyo, lakini huenda vinazizuia seli zisitengeneze hizo protini. Hilo ndilo tulilokuwa tunapima.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Una sahani ya plastiki yenye vishimo ishirini na vinne. Vya kushoto unatia dawa iliyoyeyushwa kwenye spiriti, vya kulia spiriti tupu, upate cha kulinganisha. Vichupa ni viwili, vyote maji yake hayana rangi. Chenye dawa kimefungwa utepe mwekundu.

Siku ya kutia dawa nilikuwa namsimulia mwosha vyombo wetu harusi ya jirani, bwana harusi alivyoingia na viatu vya kuazima, kila mguu saizi yake. Nadondosha matone huku nacheka. Mwosha vyombo alicheka mpaka akashika sinki.

Wiki ilipoisha Daktari akatia rangi ya buluu inayong'ang'ania hizo protini. Zikiwa nyingi, buluu inakolea. Zikiwa chache, inapauka. Kushoto ilikolea. Kulia ilikolea.

"Redio," akasema, "dawa haijagusa kitu. Sikutegemea."

Mimi na habari mpya tena? Jioni hiyohiyo nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yetu: wifi, watoto wa dada, na majirani wawili waliokuja kuazima pasi wakasahau kuondoka. Nikatangaza.

"Kwa hiyo nilikuwa najitesa bure," shangazi akasema. Kesho yake akaanza kumeza vitatu kwa siku.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, nilikuwa nasafisha friji ya maabara. Kichupa chenye utepe mwekundu kilikuwa kimejaa mpaka kwenye alama, hakijapungua hata tone. Kile cha spiriti tupu kilikuwa karibu kikauke. Nilitia spiriti pande zote mbili, na seli za kushoto hazikuwahi kuiona dawa.

Nikakirudisha. Nikafunga friji taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Jumanne nilikaa kimya. Jumatano mwosha vyombo akaniuliza kama naumwa jino. Nyumbani shangazi alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta, na kila mgeni akiingia anamwambia, "Miguu hii kanirudishia mwanangu huyu." Nilikuwa nachungulia sahani yangu ya chakula tu.

Alhamisi Daktari alikuwa anapanga kwenye kompyuta picha za matokeo yetu, za kuonyesha kwenye mkutano wa kesho yake. "Nimekutaja mwishoni, kwenye shukrani," akasema.

"Daktari, usizipeleke."

Nikaenda kukileta kichupa. Akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaona kimejaa mpaka kwenye alama.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi." Akakiweka mezani. "Kuchanganya vichupa hata mimi nimewahi. Hizi siku tatu ndizo sijui niziweke wapi." Akafuta picha moja baada ya nyingine. "Tunaanza upya. Ni wiki nzima tena. Na safari hii, Redio, mdomo ufunge."

Nyumbani nilikuta sebule imefurika, shangazi katikati, amesimama, anawaonyesha wageni anavyochuchumaa na kuinuka.

"Shangazi, ile habari ya vidonge. Nilikosea. Dawa hatukuipima kabisa, nilitia spiriti tupu."

Wifi alicheka, akidhani ni mwanzo wa kisa. Hakuna aliyemfuata.

"Kwa hiyo ni vibaya?" shangazi akauliza.

"Sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana ulikuwa unameza kimoja."

"Na wewe umejua lini?"

Lile swali tena. "Jumatatu," nikasema.

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kiganjani alikuwa na vidonge vya jioni. Akavirudisha kwenye kopo, akalifunga.

"Njoo unishike nikae," akasema.

Aliniegemea begani kwa uzito wake wote. Goti lake nikalisikia likilia.