Saa Moja ya Kumnyima Mjomba Mervyn Salamu

Kufikia saa tatu asubuhi Tahlia alikuwa amekwisha piga hodi kwenye milango kumi na saba, na kila mahali aliomba jambo lile lile: kati ya saa nne na saa tano, mtu yeyote asimsalimie Mjomba Mervyn.

"Kwani kafanya nini?" aliuliza binamu yake Kobi, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Hajafanya kitu. Ana mtihani wa udereva."

"Si alianguka mwezi uliopita?"

"Alianguka kwa sababu yako. Wewe ndiye uliyempungia mkono."

Kobi alitema povu kwenye majani. "Kumpungia nilimpungia. Kusimamisha gari katikati ya barabara aniulize habari za mbwa wangu, hiyo ni akili yake mwenyewe."

Mjomba Mervyn alikuwa na miaka hamsini na nane, na ameendesha magari tangu miguu yake ilipofikia pedali. Hajapata kugonga hata kuku. Lakini katika mji wao wa Wilgarra huwezi kumpita mtu bila kuinua mkono, na Mjomba hakuishia kwenye mkono. Mwezi uliopita mtahini alikuwa ameijaza fomu makosa kabla hawajafika duka la mikate.

Amefungwa mara tatu, zote kwa kuendesha bila leseni. Leseni ilidai cheti cha kuzaliwa, naye alizaliwa kwenye shamba la kondoo ambako farasi waliandikwa daftarini na watoto wa wafanyakazi Weusi, wenyeji asilia wa nchi ile, hawakuandikwa. Tahlia, aliyerudi kutoka chuoni mwaka jana na kupata kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, alikihangaikia cheti hicho miezi minne. Katika kuhangaika huko alifungua majalada, akagundua kwamba watu tisa wa mji ule, Mjomba mmoja wao, waliokuwa wakisubiri hukumu hawakuiba wala kumpiga mtu. Walikosa leseni tu.

Kusema mbele ya watu kulimkausha mate, kwa hiyo alimwandikia hakimu barua. Kesi hizi zisimamishwe kwanza, aliandika. Watu wasaidiwe kupata vyeti, wafundishwe, watahiniwe, na atakayepata leseni asifungwe. Hakimu Fenwick alijibu kwa mistari mitatu. Tumjaribu mmoja. Mervyn akifika mahakamani Alhamisi na leseni mkononi, wanane waliobaki, Kobi akiwamo, watapita njia hiyo hiyo. Asipofika nayo, sheria itafuata mkondo wake.

Alhamisi ilikuwa kesho.

Mlango wa kumi na nane ulikuwa wa Shangazi Dulcie, mwenye miaka themanini na moja.

"Nimemsalimia mtoto huyo tangu yuko kwenye nepi," alisema. "Leo nimpite kama nguzo ya umeme?"

"Saa moja tu, Shangazi."

"Huko chuoni ndiko wanakowafundisha kunyimana salamu?"

"Ukimsalimia atasimama. Akisimama atalala jela miezi sita."

Shangazi Dulcie akamfungia mlango.

Saa nne na dakika kumi Corolla nyeupe ilijitokeza kwenye barabara kuu, Mjomba kwenye usukani, mtahini pembeni yake na kalamu mkononi. Tahlia alisimama barazani pa posta. Na mji ukafanya kweli. Wanaume waliokuwa nje ya duka la kinyozi waligeuka wakatazama ukuta, wote sita. Kina mama mbele ya duka la mikate walianza kuchunguza viatu vyao. Kobi alijifunika gazeti, tena kalishika juu chini. Tahlia alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Hakuwahi kuona watu wakimpenda mtu kwa visogo.

Kisha aliuona uso wa Mjomba kupitia kioo cha gari. Hakuwa amemwambia. Aliogopa kwamba akijua atawacheka na kuwaita kwa majina. Sasa Mjomba alikuwa akiwatazama jamaa zake mmoja mmoja wakimpa mgongo, na gari lilianza kupunguza mwendo. Angesimama. Angeshusha kioo aulize amewakosea nini.

Hapo hapo Shangazi Dulcie akatoka duka la dawa na kigari chake cha kutembelea, akaingia kwenye kivuko. Mjomba alifunga breki taratibu, kama alivyofundishwa. Shangazi alifika katikati, akatulia, akamgeukia. Kioo cha gari kikaanza kushuka.

"Pandisha kioo hicho," alisema Shangazi, na mtaa mzima ukamsikia. "Tazama mbele. Mikono kwenye usukani."

Mjomba akapandisha kioo. Shangazi akavuka bila haraka yoyote. Corolla ikaondoka, ikawasha indiketa, ikakata kona vizuri kama gari la maharusi.

"Ile haikuwa salamu," Shangazi alimwambia Tahlia alipofika posta. "Nimemgombeza."

Robo saa baadaye mtahini alishuka, akachomoa karatasi ya leseni ya muda, akampa Mjomba. "Umepita, bwana. Ila mji wenu una watu wa ajabu. Hakuna hata mmoja aliyekuangalia."

Mjomba aliisoma karatasi mara mbili, kisha akamtazama Tahlia. "Nilidhani mmenichoka."

"Nisamehe, Mjomba."

"Ingia garini. Tuipeleke mahakamani leo leo, kabla hawajabadili mawazo." Alifunga mkanda. "Anayefuata nani?"

"Kobi."

"Huyo? Huyo ataupungia hata mti."

Barabarani mji uligeuka tena. Mikono ilipaa kila upande, Kobi akitwanga gazeti hewani, naye Mjomba, viganja vikiwa palepale kwenye usukani, aliwajibu kila mmoja kwa kuinua kidole cha shahada. Kwenye kona ya mahakama alikuwa amesimama Sajenti Pruitt, aliyemkamata mara zote tatu. Tahlia hakupiga hodi kwake asubuhi ile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsalimia Sajenti kutoka garini.

Mjomba aliinua kidole.

Sajenti aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Ikamchukua muda, gari lilikuwa linakaribia kumpita, ndipo naye akainua mkono.