Tumbo la Sihaba

Sihaba alikuwa akikwangua sandarusi, utomvu wa miti ya kale ulioganda kama kioo, bandani kwa Mwinyijuma, mjini Bagamoyo, maganda yakimwangukia mapajani, alipofunua kaniki yake kidogo afute jasho. Wenzake wakaona ngozi ya tumbo lake imetakata, haina rangi, kama sandarusi iliyokwisha kuoshwa. Uji alioamkia ulionekana umesimama ndani ya mfuko wa chakula. Chini, penye mlango wa kutokea kwenda utumboni, palikuwa na uvimbe mweupe, mkubwa kama ngumi ya mtoto, umeziba njia.

"Ndiyo maana unatapika," alisema mmoja, wakaendelea na kazi.

Naam, alikuwa akitapika tangu Ramadhani, chakula cha jana kikirudi leo vilevile. Alikonda mpaka bangili yake ya shaba ikampanda kiwikoni. Hakumwambia mtu, maana alikuwa na sababu ya kuficha. Mwinyijuma, mwenye banda na mwenye Sihaba mtumwa wake, alikuwa amemwapia: maadamu mikono ya Sihaba inakwangua, binti yake Mwanajuma hatapelekwa Pangani kwenye mashamba ya miwa. Waliokwenda kule walirudi wachache.

Mwinyijuma aliitwa. Akamsimamisha Sihaba mlangoni penye mwanga, akamgeuza huku na huku kama afanyavyo kwa bonge la sandarusi.

"Kuna kitu ndani," akasema, akamtenga. Ndiyo desturi ya kazi ile: sandarusi yenye mdudu ndani haichanganywi na nyingine wala haitiwi patasi; huachwa nzima, Wazungu waje waitazame. Sihaba akatandikiwa mkeka peke yake karibu na mlango, kisu na kazi yake mbele yake.

Na Mzungu akaja. Alikuwa tabibu, amekwama Bagamoyo akingoja wapagazi wa kwenda bara. Alifuatana na Raymundi, mkalimani aliyelelewa kwa mapadri. Tabibu akapiga magoti, akatazama, akasema, na Raymundi akafasiri polepole.

"Mama, anasema hii ni saratani ya tumbo. Haitoki kwa dawa ya kunywa. Anaweza kukulaza kwa dawa, akakata kipande chenye uvimbe, akashona tumbo lililobaki na utumbo. Akikuta umeshika mbali, atauacha palepale, atoboe njia nyingine ya pembeni ili chakula kipite. Hapo hutapona, lakini utakula."

"Waliokatwa wanaishi?"

Raymundi akamuuliza tabibu. "Wengi wamekufa. Wachache wanakula mpaka leo."

"Na nisipokatwa?"

"Utakufa kwa njaa, mama."

"Basi nikatwe."

Lakini tabibu alikuwa amekwisha kumgeukia Mwinyijuma, maana ndiye wa kuulizwa. Mwinyijuma alijibu kwa upole, tena kwa huruma, sitamsingizia: kitu chenye mdudu ndani hakipasuliwi, ukikipasua umekiharibu. Tabibu hakubisha. Kila asubuhi alikuja na karatasi, akakaa kitako, akachora uji ukishuka na kukwama. Jamani! Mtu anakufa mbele yako, nawe unachonga kalamu!

Raymundi alimnong'oneza Sihaba, "Kimbilia kwa mapadri. Watakupokea."

"Na mwanangu?"

Mwanajuma alikuwa akilala nyumbani kwa bwana, nyuma ya komeo.

Kabla ya mvua za vuli Mwinyijuma mwenyewe akaanza kutapika chakula cha jana. Tumbo lake halikutakata. Lilibaki na ngozi ya kiungwana, halionyeshi kitu. Tabibu akambonyeza, akagusa uvimbe palepale.

"Mimi si sandarusi," alisema Mwinyijuma. "Nipasue."

Akalazwa mezani mchana kweupe, akanusishwa dawa, akalala. Kitanda cha Sihaba kiliwekwa ubavuni, kwa sababu tumbo la bwana lilijaa damu na tabibu hakuona kitu. Basi alikuwa akimtazama Sihaba, kisha anamkata Mwinyijuma. Mshipa unapopita, uvimbe unapoishia, utumbo unapoanzia: vyote alivisoma kwake. Sihaba aliishikilia kaniki yake juu muda wote, akisogea kila Raymundi alipomwambia asogee.

Mwinyijuma alipona. Alianza kwa maji ya kijiko, akaja kwenye uji, akafika kwenye wali wa nazi. Wapagazi wakapatikana, na tabibu akaenda bara na michoro yake.

Sihaba alikwangua mpaka kisu kikamdondoka. Waliomwosha waliona tumbo tupu, safi, na uvimbe mahali pake. Mwinyijuma alitoa sanda mwenyewe, akalia machozi ya kweli. Ni mtu wa ahadi, hilo halina ubishi: alisema maadamu mikono inakwangua, na mikono ilikuwa imekoma.

Baada ya matanga Mwanajuma alipelekwa ufukoni, ilipokuwa mashua ya Pangani. Alimkuta bwana wake ameketi juu ya gunia, anakula.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala, bwana."

Mwinyijuma alisikitika kabisa. Akaukata mkate wake, akampa nusu iliyo kubwa.

"Kula, mwanangu. Njaa ni kitu kibaya, mimi naijua."

Mwanajuma akala, akashukuru, akapanda.