Mzee wa Chokoleti Aliyejaa Pamba

Mwenye njaa hana miiko, ndivyo wasemavyo. Katika nyumba ya Cephas Odero, bwana shamba wa pamba mjini Homa Bay, asiye na miiko alikuwa aliyeshiba.

Mwanzoni mwa Desemba 1964, meli ya Kisumu ilileta kifurushi kutoka kwa Roseline, dada yake Cephas, aliyekuwa akisomea uuguzi Uingereza. Cephas alikifungua mezani kwa kisu cha mkate. Ndani mlikuwa na wazee wawili wa chokoleti wenye ndevu na kofia, kila mmoja urefu wa kiganja, wamevishwa karatasi nyekundu ya kung'aa. Roseline alikuwa amewafunga vikaratasi shingoni. Kimoja kiliandikwa Awino, kingine Elkanah. Awino alikuwa na miaka sita, Elkanah minne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja chokoleti.

"Hawa ni wa Krismasi," alisema Priscah, mama yao. "Nisione mkono wa mtu hapa."

"Na pua?" Elkanah aliuliza.

"Hata pua."

Wazee walisimamishwa kwenye rafu iliyo juu ya mtungi wa maji, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na ubaridi kuliko kwingine kote nyumbani. Watoto hawakuifikia rafu hiyo. Kila asubuhi walisimama chini ya mtungi, wakainua nyuso na kuwaamkia wale wazee kama walivyofundishwa kuwaamkia wazee wote. Elkanah aliwauliza kama wamelala vizuri. Awino alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akajibu kwa niaba yao kwamba wamelala vizuri, ila mbu walisumbua.

Kwao Cephas, huko Karungu, mazao mapya hayakuliwa kabla mwenye boma hajayaonja. Iwe wimbi, iwe mahindi mabichi, yeye hutangulia, wengine wakafuata. Cephas alikuwa amesoma na mila nyingi alikuwa ameziacha, na alipenda kuwaambia watu kwamba ameziacha. Hii aliikumbuka siku ileile kifurushi kilipofika, watoto walipokuwa wamekwenda kucheza. Alimteremsha mzee wa Elkanah, akamfungua kichwani, akaonja kofia.

Priscah alisema si vizuri mzee wa mtoto mmoja awe mfupi kuliko wa mwenzake. Kwa hiyo aliionja kofia ya mzee wa Awino.

Siku zilizofuata waliendelea kusawazisha. Walikula baada ya chakula cha mchana, matumbo yao yakiwa yamejaa ugali na samaki wa kamongo, wakiwa wamesimama, migongo imeelekea mlangoni. Kilichosikika ni pumzi zao za puani na ulimi wa Priscah ukikwangua karatasi mahali palipokuwa na ndevu. Kuna mara Cephas alibeua katikati ya kutafuna, akaziba mdomo kwa kiganja ili kisitoke kitu, kisha akakilamba kile kiganja. Walipofika miguuni, na miguu ikaisha, walibaki na karatasi mbili tupu zenye sura za wazee.

Cephas alikuwa na gunia la pamba ya sampuli. Alichagua ya daraja la kwanza, nyeupe, isiyo na jani wala vumbi, ingawa ilikuwa bado na mbegu zake, akazijaza zile karatasi kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi yake. Wazee walisimama tena kwenye rafu. Wa Elkanah alionekana kanenepa kidogo. Asubuhi watoto waliwaamkia, na Elkanah akasema mzee wake amepona.

Krismasi ilifika. Walipotoka kanisani, Priscah aliwavua watoto nguo mpya zisichafuke, kisha Cephas akawateremsha wale wazee kwa mikono miwili na kuwakabidhi. Elkanah hakungoja. Aliuma kichwa, akatafuna, akaendelea kutafuna. Uzi mweupe ulimning'inia mdomoni. Alitema mbegu kwenye kiganja na kuiangalia.

"Ni tamu?" Awino alimuuliza.

"Bado," alisema Elkanah, akauma tena.

Awino alimfungua wake taratibu. Aliitoa pamba yote, akaipapasa, akaiweka mezani. Kisha akamtazama baba yake.

"Hii ni pamba, Baba."

"Naona," alisema Cephas. "Nani aliyekula chokoleti akatia pamba?"

Priscah alikuwa akipanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Nimeuliza. Kati yenu wawili, nani?"

"Sisi hatufiki pale juu," alisema Awino.

"Mwizi hufika," alisema Cephas. "Ombeni msamaha yaishe. Krismasi si siku ya kelele."

Elkanah aliomba msamaha papo hapo. Alikuwa mtoto anayeomba msamaha hata mvua ikinyesha. Kwa wema huo alipewa karatasi nyekundu anuse, na akainusa mpaka ikalowa. Awino alisema hakula, hivyo haombi. Alichapwa mapaja kwa ufito wa mfagio na akaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo ataitwa mwizi mpaka atakapoomba msamaha. Mama yake alianza jioni ileile. "Mwizi, lete chumvi." Awino alileta chumvi.

Jumapili iliyofuata Cephas alisoma somo la kwanza kanisani. Alipofika katikati, chokoleti ilimtoka kwenye paji la uso. Ilishuka taratibu kando ya pua, ikafika kidevuni, ikadondoka kwenye Biblia. Alifungua ukurasa uliofuata, nao ukakwama. Mwalimu wa kanisa alimpa kitambaa. Kwenye benchi la akina mama, Priscah alikuwa akivuja nyuma ya masikio, na kola yake nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia.

"Mama Awino, unatokwa na kitu," alinong'ona mama aliyeketi nyuma yake.

"Ni joto," alisema Priscah.

"Eeh, joto la mwaka huu," alisema yule mama, akamsogeza mtoto wake asichafuke.

Ibada iliendelea. Sisimizi waliingia kwa mlango wa kando, wakapita katikati ya viatu vya waumini kwa mstari, na kumpanda Cephas mguuni. Wimbo wa mwisho aliuimba akijipangusa.

Tangu hapo waliishi hivyo. Cephas alienda mashambani kwa baiskeli, na wakulima walijua alikopita kwa sisimizi waliomfuata. Mganga wa zahanati alimpima homa, akampa vidonge vya malaria. Dukani kwa Abdurahman alinunua sabuni mche mzima.

"Karibu, bwana shamba," alisema Abdurahman. "Lakini usiegemee hilo gunia la unga, tafadhali."

"Ni ugonjwa wa ngozi tu."

Abdurahman aliinama, akalinusa tone lililokuwa kwenye kaunta, akalifuta kwa gazeti. "Mimi nimekaa Mombasa. Hii ni chokoleti, tena ya maziwa. Kuna mtu alikula peke yake."

"Sabuni hiyo inatoa madoa?"

"Ya nguo, inatoa," alisema Abdurahman.

Sabuni haikufaa, na Cephas na Priscah hawakutaka chokoleti ipotee bure. Baada ya chakula cha mchana walifunga pazia la sebuleni, wakaketi bega kwa bega kwenye kochi, na Priscah akaanza kwenye shingo ya mumewe. Alimlamba kuanzia kola kwenda juu, kwa ulimi mpana, kama ng'ombe anayelamba ndama. Kisha ilikuwa zamu ya Cephas, naye alipenda zaidi nyuma ya masikio. Ulikuwa msimu ambao nzi wa ziwa hupanda kutoka majini kama moshi na kuingia kila nyumba, na waliokuwa wamewanasia shingoni hawakuwabandua. Nzi wa ziwa huliwa, alisema Priscah, na aliwatafuna. Kwa pembe ya pazia Awino na Elkanah walitazama. Walisikia midomo ikinata na kunatuka.

Siku moja Elkanah alikwenda akaweka kidole kwenye mkono wa baba yake, mahali palipokuwa na mchirizi mnene. Cephas alimpiga kile kidole kabla hakijafika mdomoni.

"Meno yako yataoza," alisema, kisha akaulamba mchirizi mwenyewe.

"Samahani, Baba," alisema Elkanah.

Februari, Jerusha, mama yake Cephas, alikuja kutoka Karungu na kikapu cha samaki wakavu. Alimkuta mwanawe barazani akipepewa na mkewe, amejaa nzi. Alichuma jani la mgomba, akampangusa uso kama alivyompangusa utotoni, akaonja ncha ya jani.

"Ni cha nani?" aliuliza.

Cephas alikohoa. Awino, aliyekuwa akipepeta mchele, alimjibu bibi yake, "Ni changu na cha Elkanah, Dani."

"Nyamaza, mwizi," alisema Priscah.

Jerusha aliketi. Alifungua kilemba chake polepole, tabaka kwa tabaka. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na mchirizi wa manjano, mzito, uliokauka pembeni na kuganda kwenye mvi. Harufu ya yai viza ikajaa baraza.

"Sisi tuliwaambia watoto kwamba wakila mayai watachelewa kusema," alisema. "Kuku walikuwa wengi. Wewe, Cephas, ulikuwa ukikaa kando ya jiko unameza mate. Mayai nilikula mimi na baba yako. Yalianza kunitoka kabla hujaota meno ya utu uzima, na hayajakauka mpaka leo."

"Sasa dawa ni nini, Mama?" aliuliza Cephas.

"Dawa? Funga kitambaa. Utazoea."

"Na ukiwaambia watoto ukweli?" aliuliza Awino.

Jerusha alikuwa ameanza kujifunga kilemba. Aliona mikono ya mjukuu wake imetulia juu ya ungo.

"Nyakwara, mjukuu wangu," alisema, "mzazi haombi radhi kwa mtoto. Omba wewe. Wewe ndiye mdogo, mdomo wako haujawa mzito. Ukiomba, jina la mwizi litakutoka, na sote tutakula kwa amani."

"Mtakula nini?"

"Mdomo huo!" alisema Priscah.

Ushauri wa kitambaa ulifaa. Cephas alishona suti ya rangi ya kahawa, na Priscah akaanza kufunga kilemba kama mama mkwe wake. Kanisani walipewa benchi la mwisho, karibu na mlango wa sisimizi. Watu walipotazama kwa makini waliona kwamba hawako peke yao. Mzee wa kanisa alivuja sukari guru. Mama mmoja alivuja maziwa ya unga kwenye viwiko, na kila alipopiga magoti kusali aliacha alama mbili nyeupe. Wote waliimba vizuri.

Desemba ilirudi, na meli ya Kisumu ikarudi na kifurushi cha Roseline. Wazee wawili wenye ndevu walisimamishwa tena juu ya mtungi. Safari hii watoto walikatazwa kuwaamkia.

Asubuhi ya Krismasi, Cephas aliwateremsha. Jerusha alikuwepo, amekuja kwa sikukuu, kilemba kimelowa upande mmoja. Elkanah aliitwa kwanza. Aliomba msamaha kwa ya mwaka jana na, bila kuambiwa, kwa ya mwaka huu pia. Akapewa mzee wake. Aliuma kichwa, akatafuna, akasema asante, kisha akaenda kuketi kizingitini kutoa mbegu za pamba katikati ya meno yake, moja baada ya nyingine.

"Sasa wewe, mwizi," alisema Cephas. Alimnyooshea Awino mzee wa pili. Vidole vyake viliacha alama za kahawia kwenye karatasi nyekundu. "Mwaka mzima nimekuvumilia. Sema neno moja tu, upewe chako."

Awino alikuwa ametimiza miaka saba. Alimpokea yule mzee, akampima kwa kiganja. Alikuwa mwepesi kama kifaranga. Alimrudisha mkononi mwa baba yake, akafuta vidole vyake kwenye gauni jipya, mara mbili.

Kidevu cha Cephas kilidondosha tone. Priscah alilidaka kwa kiganja kabla halijafika sakafuni, akakipeleka mdomoni.

"Omba msamaha, nyakwara," alisema Jerusha. "Chakula kinapoa."

"Siombi," alisema Awino.

"Unasemaje?"

"Siombi msamaha. Kuleni."