Kigae kando ya meza ya Anatole

Marehemu mume wangu alilichonga jiwe lile kule Kolwezi, Kongo. Ni malakiti, jiwe la kijani lenye mistari kama maji yaliyotibuliwa. Binti yangu alilivaa siku ya harusi yake. Alipofariki njiani tukikimbia, nililificha ndani ya kitambaa cha kichwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Sasa Alida, mtoto aliyeniachia, alikuwa anaolewa, nami nikampelekea Anatole, muuza shanga wa soko la Juru, alitie mkufu mpya.

Alinirudishia la kijani, lenye mistari. Nikalisugua kwa limau, kama mama yangu alivyosugua vyombo vya shaba. Likatoa povu, na rangi ikabaki kwenye kitambaa. Nikamrudia Anatole, ambaye huniita Koko, yaani bibi.

"Koko, malakiti yote inatoka povu kwa limau," aliniambia, akicheka. "Uliza batu benye kujua."

Nikaenda kuwauliza. Mjini Mbarara nilimpata fundi mmoja wa vito, Munyankole wa huko. Alinipa kiti na chai kabla hajaniuliza shida yangu. Akadondoshea limau jiwe langu, kisha kipande chake cha malakiti. Yote mawili yakatoa povu.

"Kaaka, hapo yeye hakudanganya," alisema, akiniita bibi kwa lugha yake. "Hizi ni ndugu. Lakini shika."

Lake lilikuwa zito kuliko langu, ingawa lilikuwa dogo. Waya wa shaba ulilichora langu, lake haukulichora. Mwisho akageuza kigae cha sakafu kilichovunjika, akayasugua yote mawili upande wa nyuma usiong'aa. Lake liliacha unga wa kijani. Langu liliacha unga mweupe.

"Hii yako ni kalisiti, jiwe jeupe. Wamepaka rangi juu tu."

Hakutaka malipo. Nilipoinuka alinifungia kile kigae kwenye gazeti.

Kesho yake nilitandika mkeka kando ya meza ya Anatole.

"Koko, unatafuta nini fasi hii?"

"Nauza karanga, mwanangu."

Kigae nilikiweka mbele ya karanga. Belyse, jirani yangu, akanunua kidani cha kijani kwa Anatole. Nikamwambia akisugue kigaeni. Kikaacha mstari mweupe.

"Kaka Anatole," Belyse akasema, "jiwe lako limepauka. Limekuogopa?"

Wanawake wakacheka. Tangu hapo hakuna aliyenunua bila kusugua. Sikumtukana Anatole hata mara moja. Kila asubuhi nilimsalimu na kumuuliza hali ya watoto, kisha nikautazama uso wake kila mkono ulipokwenda kwenye kigae. Nilikuwa nalala vizuri.

Siku moja mvua kubwa ilitukuta. Anatole akatoa turubai la meza yake, akanifunika, akalowa yeye. Ni wema, na sikuusahau. Nilimshukuru. Mvua ilipokatika nikakifuta kigae, nikakirudisha mahali pake.

Aliyenyoosha mambo ni Sidonie, mke wake. Alikuja mkekani kwangu, akavua kidani kilichokuwa ndani ya kanga.

"Alinipa akisema ni zawadi," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, Koko. Sikujua."

Nililisugua jiwe lake kigaeni. Unga wa kijani: lilikuwa langu. Nikamshika mkono Sidonie, nikamjazia karanga kwenye kanga.

Jumamosi Alida aliolewa na jiwe la mama yake kifuani. Jumatatu nikatandika mkeka palepale.

Anatole alisimama juu yangu. "Koko, jiwe si ulishapata?"

"Nilipata, mwanangu."

"Basi unataka nini tena?"

"Kuuza karanga."

Alikaa. Meza yake ilikuwa na vumbi, na midomo yake mikavu. Niliona hakuwa amekula. Nikampa konzi ya karanga, zile zilizoiva vizuri. Alikuwa bado anatafuna nilipotoa kigae kwenye gazeti, nikakiweka karibu zaidi na meza yake kuliko mwanzo.