Dalili ya Saba

Mimi ni mbea wa makaratasi. Wenzangu husikiliza madirishani. Mimi husoma chochote kilichochapwa, hata maelekezo ya nyuma ya sabuni. Ndiyo maana kazi yangu ya kusanifu lebo kwenye duka la uchapaji imenikaa vizuri mwilini, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu. Nataja nguo makusudi. Mume wangu ni fundi cherehani, na habari hii ni yake kuliko yangu.

Ilianza na mteja tuliyembandika jina la Kopo. Alikuwa akifunga unga wa mizizi kwenye makopo ya plastiki na kuwauzia wanaume, na unga huo, kwa maneno yake, ulirudisha uanaume uliopotea. Ulipotelea wapi, hakusema. Alikuja na shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akakaa kando ya kompyuta yangu na kulalamika kwamba lebo yake ya zamani ilikuwa na picha ya simba na siku hizi simba hauzi tena. Sasa alitaka dalili. Ziwe saba, maana sita ni chache na nane zinachosha.

"Dada, usiniandikie ugonjwa," alisema. "Niandikie mwanamume yeyote. Asome, ajione."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe anazijua hizo dalili. Akacheka, akasema angezijua asingekuja kwangu.

Sasa, mwanamume ninayemjua kwa karibu ni mmoja tu, basi nikamwandika huyohuyo. Asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akiutazama ukuta kana kwamba unamdai maelezo, ndipo asimame. Hiyo ikawa ya kwanza. Taarifa ya habari ikianza, anasinzia; ukizima televisheni anashtuka na kuapa kwamba alikuwa anasikiliza. Ukimtuma vitu vitatu dukani, analeta viwili na kingine ambacho hukumwagiza. Anajibu "sawa" kwa kila kitu. Anapiga miayo akivua viatu. Anasimulia hadithi moja mara mbili ndani ya wiki. Nilichapa hizo sita bila kuinua kichwa, nikitabasamu peke yangu, kwa sababu mambo hayohayo ndiyo yanayonifanya nimpende mtu yule.

Ya saba ilinishinda. Mume wangu alikuwa ameniishia, na Kopo alikuwa mlangoni anatazama saa. Nikabuni: Mkeo hakuangalii tena kama zamani. Ikakaa vizuri kwenye mstari. Chini yake nikaweka kwa herufi nene, "Rudi kuwa imara," Kopo akaridhika, lebo zikachapwa, zikakatwa, zikaondoka. Mimi nikahamia kwenye kadi za mwaliko wa harusi ya watu nisiowajua.

Mwezi haukuisha, mume wangu akaanza kuruka kutoka kitandani. Saa ikilia tu, huyo wima, mikono kiunoni, kama anasubiri kukaguliwa. Jioni aliitazama taarifa ya habari kwa macho yaliyokodolewa mpaka yakatoa machozi, kisha akanieleza alichosema waziri bila mimi kumwuliza. Dukani alienda na orodha aliyoiandika kiganjani. "Sawa" ikatoweka kabisa nyumbani kwetu. Nilimwuliza kama anataka chai, akaniambia atalifikiria.

Mwanzoni nilicheka. Nikampigia wifi yangu kumweleza kwamba kaka yake anapata wazimu kidogokidogo. Wifi akasema mwanamume akibadilika ghafla hivyo, huenda kapata mtu. Sikucheka tena baada ya hapo.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Huyu ni mtu aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja, lakini sasa alijichoma kila mara, na suti ya bwana mmoja ilirudishwa kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa mfupi. Akilala, niliuona moyo wake ukidunda chini ya fulana. Nilipomwuliza anaumwa nini alinijibu, bila kunitazama, kwamba yuko imara. Akaacha kunisimulia hadithi, hata mara moja. Niliogopa. Tumeoana miaka kumi na sita, na mtu alikuwa ananiondokea huku viatu vyake bado viko mlangoni.

Siku moja mchana nilimpelekea chakula kwenye chumba chake cha kushonea, nikakuta ametoka kwenda kumjaribisha mteja koti. Blauzi yangu ilikuwa imekatika kifungo. Nikavuta droo ya vifungo, na humo, katikati ya vifungo vyeusi na vyeupe, kulikuwa na kopo. Sikuhitaji kulisoma, maana ukubwa wa kila herufi niliuchagua mimi. Kando ya kila dalili, kuanzia ya kwanza hadi ya saba, palikuwa na alama ndogo ya vema kwa penseli, ileile anayoweka kwenye daftari la vipimo akishahakikisha.

Nilirudisha droo na kuondoka na blauzi yangu ilivyo. Niliona aibu, sitaficha. Lakini mbea ni mbea. Kabla aibu haijatulia, udadisi ulikuwa umeshaipita mlangoni. Nilitaka kujua ni nani mwingine amewahi kuandikwa hivi.

Duka letu huhifadhi nakala moja ya kila kazi iliyopita kwenye mtambo, na makabati ya nyuma yamejaa. Niliketi sakafuni alasiri nzima na kuyafungua. Lebo mpya kuliko zote kabla ya yetu zililaumu simu zinazobebwa mfukoni. Zilizotangulia hizo zililaumu suruali za kubana, na dawa yake ilikuwa mkanda wa sumaku. Chini zaidi nikakuta vidonge vya kujikinga na mwanga wa televisheni. Chini kabisa, kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, kulikuwa na mafuta ya kuchua kwa wanaume walioharibiwa na kiti cha baiskeli. Mkosaji alibadilika kila baada ya miaka michache, lakini dalili zilikuwa zilezile: uchovu, usingizi wa jioni, kusahau, kuongea kidogo. Kwa ufupi, zilikuwa dalili za mtu anayefanya kazi.

Fundi wetu wa mtambo, mzee aliyeanza kazi hapo kabla sijajua kusoma, alinikuta nimezungukwa na makaratasi. Akaiokota ile ya baiskeli, akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii niliipanga mimi, herufi kwa herufi," alisema. "Halafu nikaenda kuyanunua hayo mafuta."

Nilimwuliza inawezekanaje, naye karatasi aliijua na wino aliujua. Akajibu kwamba aliposoma alijikuta yumo mle ndani, mpaka tabia yake ya kupangusa paji la uso kwa kiwiko. Nikataka kujua kama mafuta yalimsaidia.

"Baiskeli iliibwa," akasema, "nikapona."

Nilicheka mpaka nikashika kabati. Baadaye nikauliza ni nani aliyekuwa akitunga maneno ya lebo enzi hizo, akanionyesha kwa kidevu: kijana mmoja mpole, alikuwa anakaa palepale ninapokaa mimi. Nilienda kukaa pale. Kutoka kwenye kile kiti unamwona mtu anayeendesha mtambo kuanzia kichwani hadi miguuni, na viwiko vyake. Sikumwambia mzee kitu.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa mume wangu kabla wateja hawajafika. Alikuwa anakata kitambaa, mkasi mkononi. Nikafungua droo, nikaliweka kopo mezani kati yetu. Nikamwambia lebo ile ni kazi yangu, maneno ni yangu, na mtu niliyemwangalia nikiandika ni yeye.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliweka mkasi chini na kuuliza ni makopo mangapi yaliyosambazwa, kwa maana ya wanaume wangapi mjini wanasoma jinsi anavyokaa kitandani mwake. Nikasema sijui, mengi. Nikamwomba radhi, nikamwambia ni mzaha ulionitoka mikononi, na kwamba mambo yale si ugonjwa, ndivyo alivyo tu, hata tulipooana alikuwa anapiga miayo akivua viatu.

"Nayajua," alisema. "Unadhani nilinunua unga kwa sababu ya miayo?" Akaweka kidole kwenye lebo, chini kabisa. "Nilinunua kwa sababu ya hii."

Kidole kilikuwa kwenye ya saba.

Ile niliyoitunga nikiwa na haraka, ili mstari ujae, ndiyo iliyomtetemesha mikono. Nikamwambia ukweli kama ulivyokuwa, kwamba ya saba ni uongo, nilikosa cha kuandika.

"Na zile sita?" nikamwuliza. "Ningezijuaje kama sikuangalii?"

Alinitazama. Sikujua kama amenisamehe. Alichukua kopo, akalitupa kwenye pipa la vipande vya nguo, akarudi kwenye kitambaa chake. Nilipofika mlangoni aliniita, akaniambia nivue koti. Blauzi ilikuwa ileile ya jana, bado imekosa kifungo. Alinishonea nikiwa nimesimama. Alijichoma mara moja.

Wiki iliyofuata Kopo alirudi na furaha tele. Alitaka lebo zaidi, na safari hii ya saba iwe juu, kwa herufi kubwa, kwani wanaume wakifika hapo huacha kusoma na kuingiza mkono mfukoni. Nilimwambia sitaiandika tena, wala yeye wala mwenye duka wasinibembeleze. Alinishangaa kidogo tu. Jioni ileile alikuwa ameshaipeleka kazi kwa wachapaji wa mtaa wa pili, na nasikia ya saba wameipa rangi nyekundu.

Nyumbani, taarifa ya habari ilipoanza, mume wangu alikaza macho kwa dakika chache. Mikono ilikuwa imeanza kutulia. Kisha kichwa kikainama, mdomo ukafunguka kidogo. Sikuzima televisheni. Niligeuza kiti changu kikamwelekea yeye.

"Unaniangalia?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Nakuangalia."

"Sawa," akasema, akaendelea kulala.